Kocha Amefukuzwa, Ofisi Imebaki: Barua za Wasomaji Kuhusu Philadelphia

Tangu Mei 14, 2023, siku ambayo Boston Celtics iliifunga Philadelphia 76ers alama 112 kwa 88 katika mechi ya saba, ile ya kuamua nani asonge mbele, ya nusu fainali ya Kanda ya Mashariki ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, barua za wapenzi wa mpira wa kikapu zimekuwa zikinifikia kutoka Malindi na Lamu, na karibu zote zina hasira ya aina moja. Nimechagua mbili. Ya kwanza ni fupi, nami naitanguliza kwa sababu jibu lake tutalihitaji katika ya pili.

SWALI: Mwalimu, assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni, Lamu. Mwanangu wa kiume hulala mchana akakesha usiku kwa ajili ya timu hii ya Philadelphia, na tangu ilipofungwa hali chakula vizuri. Ameniambia kwamba ipo miaka ambayo wakubwa wa timu hiyo walitaka wenyewe timu ifungwe. Nimemwona muongo. Je, jambo hilo linawezekana? Na timu inayofungwa hufaidika nini?
Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Mwanao hakusema uongo. Katika ligi ile wachezaji chipukizi hawajiendei kwenye timu wanayoitaka. Kila mwaka timu huwachagua kwa zamu, katika shughuli iitwayo drafti, na zamu za mbele hutolewa kwa bahati nasibu baina ya timu zilizokosa mchujo wa kuwania ubingwa, huku zile dhaifu zaidi zikipewa nafasi kubwa zaidi, ili msimu unaofuata nazo zipate nguvu. Nia ya sheria hiyo ni njema, lakini ina mlango wa nyuma, kwa kuwa ofisi yenye moyo mgumu inaweza kuwatoa wachezaji wake wazuri, ikabaki na kikosi hafifu, ikafungwa msimu mzima, kisha ikasubiri zamu yake ya mbele. Wachezaji na kocha hucheza kwa jasho lao lote. Ni ofisi iliyopanga kikosi kisichoweza kushinda. Sam Hinkie, aliyekabidhiwa ofisi ya Philadelphia mwaka 2013, aliifuata njia hiyo waziwazi, na katika misimu mitatu yenye mechi 82 kila mmoja timu ilishinda mechi 19, kisha 18, kisha 10. Ligi haikupendezwa, na tangu drafti ya mwaka 2019 kanuni zimebadilishwa: timu iliyoshika mkia, ambayo zamani ilikuwa na asilimia 25 ya kupata chaguo la kwanza, ilishushwa hadi asilimia 14, sawa na mbili zilizo juu yake.

Kuhusu kukesha, mechi za jioni za upande ule wa Marekani huanza kwetu kati ya saa nane na saa kumi usiku, na kijana mwenye shule au kazi hawezi kuzifuata zote akabaki mzima. Mwekee mpaka bila kumwonea haya. Lakini usimkataze kuhuzunika, kwa maana huzuni yake ni ya kweli.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Muyeye hapa Malindi, na kazi yangu ni kununua samaki kwa wavuvi alfajiri na kuwapelekea wenye hoteli. Naipenda Philadelphia kwa sababu ya Joel Embiid, Mwafrika mwenzetu kutoka Kameruni. Jumapili ile mechi ilianza kwetu saa nne na nusu usiku, mapema kuliko tulivyozoea, tukajaa vijana tisa chumbani kwa rafiki yangu, mvua ya masika ikipiga mabati hata mtangazaji hasikiki. Mapumziko yalitukuta nyuma kwa alama tatu tu. Robo ya tatu ikaisha sisi tumepata alama 10 na wao 33. Hapakuwa na aliyesema neno. Mwenye chumba aliinuka akazima televisheni, nasi tukabaki tumekaa tukitazama kioo cheusi. Siku mbili baadaye tukasikia kocha Doc Rivers amefukuzwa. Mwalimu, kocha ndiye aliyekosa mitupo ile? Mimi hasira yangu iko kwa wakubwa wa ofisi, ambao kila mwaka wanatuahidi na kila mwaka tunatoka katika hatua ile ile. Jezi yangu ya nambari 21 nimeivua nikampa mdogo wangu, ambaye anakalafati mashua, aivalie kazini. Naomba uniambie mambo mawili. Je, ni haki kuwalaumu wasimamizi ilhali waliokosa ni wachezaji? Na je, kuna ubaya nikihamia timu nyingine?
Mshabiki wa Muyeye, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa usiku ule. Mstari wako kuhusu kioo cheusi nimeusoma mara mbili, kwa kuwa nami nilikuwa nimeketi mbele ya kioo kama hicho.

Ni haki kuwalaumu wasimamizi. Lakini kwanza tuwape wachezaji fungu lao, la sivyo lawama yako itakuwa nyepesi na mtu ataipangua kwa neno moja. Embiid alirusha mpira mara 18 akafunga mara 5, akamaliza na alama 15. James Harden alifunga mara 3 katika mitupo 11, akaishia na alama 9. Mitupo hiyo haikukoswa na mtu aliyekaa ofisini. Na siku tatu kabla yake, Philadelphia ikiwa nyumbani na ikiongoza kwa mechi 3 kwa 2, Jayson Tatum wa Boston alikuwa na alama 3 tu hadi robo ya tatu inamalizika, kisha akafunga 16 katika robo ya mwisho, na Boston ikashinda 95 kwa 86. Mlango wa fainali ya kanda ulikuwa wazi usiku ule, na waliotakiwa kuupita ni wale watano waliokuwa uwanjani pamoja na kocha wao. Rivers ana lawama yake hapo, nami siwezi kumwondolea.

Sasa mtazame huyo Tatum. Katika mechi ya saba alifunga alama 51, ambazo hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kuzifikia katika mechi ya saba yoyote ya mchujo wa NBA. Mwaka 2017 Boston ilikuwa na chaguo la kwanza katika drafti na Philadelphia ilikuwa na la tatu. Ofisi ya Philadelphia ikaona la tatu halitoshi, ikaipa Boston chaguo hilo pamoja na jingine la raundi ya kwanza la miaka ya mbele, ili ipande hadi nafasi ya kwanza na kumchukua Markelle Fultz. Boston ikangoja zamu ya tatu, ikamchukua Tatum. Fultz alipata tatizo la bega, mtupo wake ukaharibika, na alicheza mechi 33 tu za msimu wa kawaida kabla ya kupelekwa Orlando mwezi Februari 2019. Wazee wetu husema mchagua nazi hupata koroma, ingawa sipendi kumwita kijana yule koroma, kwa sababu maradhi hayakuwa chaguo lake, na mwaka ule wataalamu wengi walimweka juu kabisa ya orodha zao. Kumpenda Fultz halikuwa kosa. Kosa lilikuwa ni kulipa zaidi ya walichokuwa nacho mkononi, tena kumlipa jirani ambaye walijua watapambana naye kila mwaka, kwa ajili ya kupanda ngazi mbili tu. Uamuzi huo haukufanywa na Rivers, wala na Embiid, wala na Harden, ambao wote walikuwa uwanjani siku alama zile 51 zilipokuwa zikihesabiwa.

Kama hilo lingekuwa peke yake ningesema ni ajali, na ajali humpata kila mtu. Ninachokiona mimi ni mwenendo. Rudi mwaka 2019. Philadelphia ilikuwa na Embiid, Ben Simmons, Tobias Harris na Jimmy Butler, na Mei 12 mwaka ule ilifungwa na Toronto 92 kwa 90 katika mechi ya saba, kwa mtupo wa Kawhi Leonard uliotoka pembeni muda ukiyoyoma, mpira ukagonga chuma mara nne kabla ya kuingia. Nilikuwa nimesimama, na kila ulipodunda juu ya chuma kile nilikuwa na hakika utatoka nje. Matokeo yalikuwa 90 kwa 90 mpira ulipokuwa hewani. Ungetoka nje, wangeongezewa dakika tano. Timu iliyokaribia namna ile haibomolewi. Lakini miezi miwili haikupita, Butler akaenda Miami, na ofisi ikampa Harris mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 180, ikamleta na Al Horford kwa mkataba wa miaka minne uliofikia dola milioni 109. Usiache mbachao kwa msala upitao: nadhani wewe uliyelelewa Malindi umeusikia usemi huu kwa bibi yako, na sijaona mahali ulipotimia kama pale. Tangu siku hiyo Butler ameifikisha Miami Fainali mwaka 2020, akaitoa Philadelphia yenyewe mwaka 2022 kwa mechi 4 kwa 2, na mwaka 2023 akaifikisha tena Fainali baada ya kuitoa Boston. Horford hakudumu Philadelphia zaidi ya msimu mmoja, na usiku ule wa mvua uliokuwa nao chumbani alikuwa amevaa jezi ya Boston, akimkaba Embiid.

Harris mimi simlaumu. Ni mtu wa kazi, na hakuna aliye timamu ambaye angeikataa karatasi ile alipowekewa mezani. Lakini nataka uelewe kwa nini mkataba mmoja huiuma timu kwa miaka, na kwa kuwa wewe ni mnunuzi wa samaki nitatumia kazi yako. Unafika pwani alfajiri na fedha yenye kikomo. Mashua ya kwanza inatia nanga, unaona nguru mmoja mzuri, na kwa hofu ya kumkosa unatoa karibu theluthi ya fedha yako. Nguru ni halali na si mbovu. Nusu saa baadaye inaingia mashua ya pili imejaa jodari, na wewe huna la kufanya ila kusimama na kutazama wenzako wakipakia. Msimu wa 2022-23 kikomo cha mishahara cha NBA kilikuwa dola milioni 123.655 kwa kila timu, na Harris peke yake alikuwa akipata takriban milioni 37.6. Timu inaruhusiwa kukivuka kikomo hicho ili kuwabakiza wachezaji wake yenyewe, lakini ikishakivuka, mlango wa kusajili kutoka nje huwa mwembamba sana, na msimu ule ikizidi milioni 150.267 ililipa kodi kwa ligi. Ndiyo maana kiangazi cha mwaka 2022 Harden aliacha mshahara uliozidi milioni 47 akakubali milioni 33, ili ofisi ipate upenyo wa kumsajili P. J. Tucker. Mchezaji alipunguza chake ili kufidia hesabu ya watu wengine. Na hata upenyo huo ofisi iliuchafua: Oktoba iliyofuata ligi iliinyang'anya timu machaguo mawili ya raundi ya pili, kwa kuwa ilianza mazungumzo ya usajili kabla ya muda ulioruhusiwa.

Nimtendee haki Daryl Morey, aliyekabidhiwa ofisi Novemba 2020. Si yeye aliyempa Fultz nafasi ya Tatum, wala aliyemwachia Butler. Alipoingia aliuondoa mkataba wa Horford, na katika drafti ya mwezi ule ule akampata Tyrese Maxey katika chaguo la 21, kijana ambaye leo timu nyingi zinamtamani. Simmons alipogoma baada ya kufungwa na Atlanta mwaka 2021, Morey alisubiri miezi, kisha akampeleka Brooklyn na kupata Harden. Ukimlaumu, mlaumu kwa yake.

Kwa hiyo lawama kubwa iende kwa nani? Hapa ndipo ninapotofautiana nawe kidogo. Wewe unasema ofisi, kama kwamba ofisi ni mtu mmoja. Ihesabu. Hinkie alijiuzulu Aprili 2016, baada ya kuwafungisha watu mechi kwa miaka mitatu kwa ahadi ya mavuno. Akaja Bryan Colangelo, mwenye haraka ambayo Hinkie hakuwa nayo, na ndiye aliyepanda zile ngazi mbili kumfuata Fultz. Colangelo akaondoka Juni 2018, wiki mbili kabla ya drafti, hata ikabidi kocha wa wakati huo, Brett Brown, ashike usukani wa ofisi kwa muda. Akafuata Elton Brand, kisha Morey. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Usemi huo kwa kawaida huambiwa walio chomboni kwa wakati mmoja, lakini Philadelphia walipokezana: mmoja alikusanya akiba kwa subira iliyowatoa machozi mashabiki, wa pili akaitumia kwa pupa, wa tatu akavunja kikosi alichokuwa amekikamilisha mwenyewe, wa nne akarithi madeni. Wote hao waliajiriwa na wamiliki wale wale, kundi lililoongozwa na Josh Harris, ambaye hana undugu na Tobias, lililoinunua timu mwaka 2011. Mwenye chombo ndiye anayechagua nahodha, na mwenye chombo anayebadilisha nahodha katikati ya bahari hawezi kuja pwani kulalamika kuhusu upepo. Hasira yako, mwanangu, ipandishe ngazi moja zaidi ya ulipoiweka.

Na kocha hufukuzwa kwa sababu ndiye rahisi kufukuzwa. Wachezaji kumi na watano wenye mikataba hawaondolewi kwa wiki moja, na ofisi ndiyo inayochagua nani aondoke, nayo haijichagui. Mapema Juni 2023 walimtambulisha kocha mpya, Nick Nurse, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wa Toronto siku ile mpira ulipogonga chuma mara nne. Ni kocha mzuri, na sina neno juu yake. Lakini alikabidhiwa hesabu ile ile.

Swali lako la pili ni jepesi zaidi. Hakuna ubaya wa kuhama. Hukuzaliwa Philadelphia, hukurithi timu hiyo kwa baba yako, na mji ule haukudai chochote. Ila umeandika mwenyewe kwamba uliipenda kwa sababu ya Embiid, na Embiid bado yupo. Ni mtoto wa Yaoundé aliyeushika mpira huu akiwa tayari ni kijana mkubwa. Alichaguliwa wa tatu mwaka 2014, akakosa misimu miwili mizima kwa maumivu ya mguu, na Mei 2023 alitangazwa mchezaji bora wa msimu kwa wastani wa alama 33.1 kwa mechi, wa kwanza wa Philadelphia kupata heshima hiyo tangu Allen Iverson mwaka 2001. Alicheza vibaya katika mechi ya saba, na alicheza akiwa ametoka kuumia goti katika raundi ya kwanza. Kumvua mtu huyo mwilini kwa ajili ya makosa ya waliomwajiri, mimi naona si sawa, na nakuambia hivyo kwa mapenzi. Akihama yeye, mfuate popote aendapo, wala hutakuwa na deni kwa mtu.

Mpaka wakati huo, tazama mambo mawili badala ya kusikiliza ahadi. Harden alikuwa na hadi mwisho wa Juni 2023 kuamua kama atautumia mwaka uliobaki katika mkataba wake, na hapo ndipo pa kupima kama ofisi iliongozwa na hesabu au na hofu ya kumkosa, kama ilivyokuwa mwaka 2019. Na msimu wa 2023-24 ndio uliokuwa wa mwisho wa mkataba ule wa Harris wa milioni 180. Kuisha kwake kulikuwa nafasi ya kuweka fedha nyingi huru, na tumaini langu lilikuwa kwamba wamiliki wangemwacha Morey azitumie kwa mpango wake mwenyewe hadi mwisho, hata ikibidi kufungwa mwaka mmoja katikati.

Jezi nayo mwombe mdogo wako leo hii, kabla hajaanza kupaka mashua mafuta ya sifa, kwa maana harufu ya ini la papa ikishaingia kwenye kitambaa haitoki kwa sabuni.